Lori bila themostati: niliyoyaona kati ya Pongwe na Lushoto

Kwenye gereji nyingi za Tanga utaambiwa themostati, kile kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka yapate joto la kutosha, ni kifaa cha nchi za baridi. Gari likichemsha, cha kwanza kung'olewa ni hicho. Fundi anakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anarudisha kifuniko kwa silikoni, na mwenye gari anaondoka akiwa ametulizwa: "Sasa maji yanapita bila kizuizi." Maneno hayo nimeyasikia Ngamiani, nimeyasikia Korogwe, nimeyasikia Mombo. Na nimeendesha kwa muda mrefu lori la dizeli lililofanyiwa hivyo kabla sijakabidhiwa ufunguo, kwa hiyo nimeona yanakoishia. Naandika kwa sababu malori mengi ya mkoa huu bado yanatembea hivyo, na wenye nayo wanalipa dizeli, oili na injini bila kujua wanalipia nini.

Lori lenyewe ni la Kijapani, silinda sita, injini ya zamani isiyo na kompyuta yoyote. Kazi yake ilikuwa kubeba saruji kutoka Pongwe kwenda Lushoto, na kushuka na kabichi, karoti na viazi. Anayeijua safari hiyo anajua kwamba ni barabara mbili ndani ya moja. Kutoka Pongwe, kupitia Muheza na Segera hadi Korogwe na Mombo, unatembea kwenye lami isiyo na taabu kubwa, mkonge huku na huku, safu ya Usambara ikikaa upande wa kulia. Ukifika Mombo unakunja kulia, na hapo mambo yanabadilika. Kwa mwendo wa kilomita 30 na kidogo unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mpaka Soni, kisha Lushoto. Injini yenye kasoro ya joto haiwezi kujificha kwenye njia ya namna hii.

Kwenye tambarare mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa. Asubuhi naondoka Pongwe, nafika Segera bado haujafika hata robo. Dereva aliyenitangulia alinisifia jambo hilo: injini baridi, usiwe na wasiwasi. Lakini tukianza kupanda kutoka Mombo na mzigo kamili, mshale uleule uliokuwa umelala ulinyanyuka kwa kasi, ukapita katikati, ukaelekea kwenye nyekundu kabla hatujafika Soni. Tunaegesha, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, tunasubiri, tunaongeza maji, tunaendelea. Ilikuwa kawaida kiasi kwamba utingo alijua ni kona zipi zenye nafasi ya kuegesha.

Injini moja, baridi mno chini na moto mno juu. Kila fundi niliyemuuliza alichukua nusu moja ya habari na kuiacha nyingine. Wa kwanza akasema lori halina ugonjwa kwa sababu tambarare halichemshi. Mwingine akasema pampu ya maji imechoka kwa sababu mlimani linachemsha. Wala hakuna aliyetaka kujua kwa nini mambo mawili yanayopingana yanatokea ndani ya bloku moja.

Dalili nyingine zilikuwapo, ila watu walikuwa wamezizoea. Asubuhi ya Lushoto, hasa mwezi wa sita na wa saba watu wanapovaa sweta, lori likiwashwa lilitoa moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, na lilichukua muda mrefu kuacha. Kwenye maungio ya bomba la eksozi kulikuwa na masizi yenye majimaji, si makavu kama yanavyotakiwa kuwa. Chini ya kifuniko cha kujazia oili kuliganda utando mzito wa rangi ya maziwa. Na jambo lililonitia hofu kuliko yote: oili ilikuwa inaongezeka. Unachomoa stiki baada ya wiki ya kazi, unakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka. Utingo alifurahi kwamba injini haili oili. Mimi niliinusa ile stiki, nikasikia dizeli.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani, mtu aliyefanya kazi na injini za dizeli tangu enzi za mashamba ya mkonge. Hakugusa spana. Aliomba stiki ya oili, akasugua tone kati ya vidole viwili, akainusa, kisha akaniuliza mshale wa joto unakaa wapi nikiwa natembea tambarare. Nilipomwonyesha, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii injini haijawahi kuiva."

Nikamuuliza, "Mzee, kwa joto hili la Tanga?"

"Joto la Tanga ni la ngozi yako. Injini ina joto lake."

Akanieleza taratibu. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kutosha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa. Kuta za silinda zikiwa baridi zinaiba sehemu ya joto hilo, na mafuta yanayogusa ukuta hayaungui yote. "Umeona chapati kwenye chuma ambacho hakijashika moto? Inakunywa mafuta, na kuiva haiivi." Dizeli isiyoungua inateleza kwenye ukuta wa silinda, inaosha utando wa oili unaotakiwa kuzilinda ringi za pistoni, kisha inapita chini na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana stiki ilikuwa inapanda. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, na bearingi za krankshafti zinategemea oili nzito zisisagane.

Kuna na maji pia, na hili wengi hawalifikirii. Lita 1 ya dizeli ikiungua inazaa takriban lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Karibu yote yanatoka na moshi, lakini kiasi fulani hupenya kwenye ringi kila pistoni inaposhuka. Injini iliyoshika joto lake huuweka mvuke huo hewani mpaka utoke kwenye kipumulio, tundu la injini la kutolea hewa. Injini baridi inaugeuza maji hapohapo ndani, yanachanganyika na oili, na ndiyo asili ya ule utando wa rangi ya maziwa. Salfa iliyomo kwenye dizeli ikikutana na maji hayo inazaa asidi, nayo inakula laina, yaani kuta za ndani za silinda, na ringi polepole. Oili nzuri ina dawa ya kupambana na asidi, ila dawa hiyo inaisha mapema kuliko ratiba yako ya kubadilisha oili.

Kuhusu joto la Tanga, nimelifikiria sana baadaye, na nadhani ndipo imani yetu inapopotoka. Themostati ya injini ya dizeli ya lori kwa kawaida huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, au pungufu kidogo kwa baadhi ya injini, na huwa wazi kabisa karibu na nyuzi 95. Hewa ya Tanga siku ya jua kali ni nyuzi 30 na kitu. Bado kuna nyuzi 50 katikati. Rejeta nayo imetengenezwa kwa ajili ya siku ngumu kuliko zote: mzigo kamili, mlima, jua la saa saba. Siku hiyo inahitaji ukubwa wake wote. Siku unaposhuka Soni na kabichi, mguu umeacha mafuta na eksozi breki inafanya kazi, injini haichomi karibu chochote, na rejeta ileile inaendelea kupoza. Bila kitu cha kuyazuia maji, nilikuwa nafika Mombo na injini baridi, kisha naanza kuivuta Korogwe kwa nguvu ikiwa katika hali hiyo.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili, ya kuchemsha mlimani, ndiyo iliyonishangaza, maana niliamini kama wengine kwamba ukitoa themostati angalau umejihakikishia injini haitachemsha.

Mzee aliinyanyua themostati kuukuu kutoka kwenye meza yake ya kazi. Ndani yake mna kopo dogo la shaba lenye nta maalumu. Nta ikipata joto inayeyuka na kutanuka, inasukuma kipini, na sahani ya juu inafunguka kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hilo nililijua. Nisilolijua ni sahani ya pili, ndogo, iliyo chini. Injini ya lori letu, kama nyingi za dizeli za malori, ina njia ya mkato: tundu linaloyarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka kwenye njia hiyo ili injini ishike moto haraka na kwa usawa. Sahani ya juu inapofunguka, sahani ya chini inashuka na kuliziba tundu la mkato, ili maji yote yaende kwenye rejeta.

Ukiing'oa themostati umeondoa sahani zote mbili. Njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji yanapenda njia nyepesi, na rejeta, hasa iliyoziba kidogo, si njia nyepesi. Kwa hiyo tulipokuwa tunapanda Soni na saruji, injini ikimwaga joto kwa wingi, sehemu kubwa ya maji ilikuwa inazunguka kutoka injini kwenda pampu na kurudi injini, haijaonja hewa ya feni. Tambarare, hata kiasi kidogo kilichopita kwenye rejeta kilitosha kuipoza kupita kiasi. Mlimani kiasi kilekile hakikutosha. Injini moja ikawa na magonjwa mawili.

Wengine hueleza kuchemsha huko kwa kusema maji bila themostati yanapita kwa kasi mno kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi. Maji yanayopita kwa wingi zaidi yanabeba joto zaidi, si pungufu. Tatizo ni yale yasiyopita kabisa kwenye rejeta. Na liko jambo la pili: themostati, hata ikiwa wazi, inayaminya maji kidogo, na kuminya huko kunaongeza presha ndani ya bloku, ambayo husaidia kuzuia mapovu ya mvuke kuzaliwa kwenye sehemu zenye moto mkali za silinda hedi. Ukiitoa, unapoteza na kinga hiyo.

Nilikwenda kwa tajiri, mwenye lori, na habari hizi. Nilimwambia, "Mzee, naomba ruhusa turudishe themostati." Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Dereva, kile kidude ndicho kilichoniunguzia gasketi. Unataka nikirudishe kinichomee na hedi?" Hofu yake ilikuwa ya haki na sikuipuuza. Themostati inayokwama ikiwa imefumba inaichemsha injini kwa dakika chache, na silinda hedi ikipinda gharama yake ni kubwa. Alikuwa amewahi kulipia. Kwangu mimi hilo halikuwa jibu la kwa nini lori likae bila themostati. Lilikuwa swali la kwa nini ile ya kwanza ilikwama, na kama kweli ilikwama. Fundi aliyeing'oa hakuipima. Aliing'oa, lori likapoa, akahesabu kazi imekwisha.

Tulikubaliana kwamba haitarudishwa mpaka mfumo mzima wa kupoza ukaguliwe kwanza. Na hapo ndipo chanzo kilipoonekana. Rejeta ilifunguliwa tangi la juu, na mirija mingi ya chini ilikuwa imejaa magamba magumu ya chokaa. Maji yaliyokuwa yanamwagwa humo kwa miaka ni ya kisima, na visima vyetu vya pwani vina chumvi, ukiyaonja unajua. Kila dereva na utingo alijaza alichokipata. Kifuniko cha rejeta springi yake ilikuwa imelegea, hakikushika presha. Belti ya feni ilikuwa inang'aa kwa ndani, dalili ya kuteleza. Rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika na feni inayochelewa vilitosha kuchemsha lori lenye themostati nzima kabisa. Themostati ilibebeshwa lawama kwa sababu ndiyo rahisi kung'oa.

Kile kifuniko kinahitaji maneno yake, maana madereva wanaopanda Lushoto wanakidharau. Pwani, maji yasiyo na presha yanachemka kwa nyuzi 100. Ukipanda mpaka mita 1,400 hivi, ambako ndiko mji wa Lushoto ulipo, yanachemka kwa nyuzi 95 au karibu na hapo. Maana yake, kifuniko kikiwa kibovu, maji yanachemka mapema pale pale injini inapofanya kazi ngumu kuliko kote. Kifuniko kizima kinashika presha na kusogeza kuchemka huko mpaka zaidi ya nyuzi 110.

Rejeta ilizibuliwa mirija, ikapimwa, ikaunganishwa. Kifuniko kipya, belti mpya, mipira ya juu na chini iliyokuwa imelainika ikabadilishwa. Tuliosha bloku mpaka maji yakatoka meupe. Tukajaza kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na hilo halikuwa kwa ajili ya joto tu. Laina za injini hii zinaguswa na maji kwa nje. Zinatetemeka kila mafuta yanapowaka, mapovu madogo yanazaliwa na kupasuka kwenye uso wa chuma, na miaka ikipita yanatoboa vitundu vidogo kama vya sindano mpaka maji yanaingia kwenye silinda. Dawa iliyomo kwenye kulanti ya dizeli inazuia hilo. Maji ya kisima hayana dawa hiyo.

Kisha ikaja zamu ya themostati. Mzee hakubali kufunga yoyote ambayo hajaipima, hata ikitoka dukani kwenye boksi lake. Tuliinunua yenye namba 82 imegongwa kwenye chuma, kama kitabu cha injini kinavyotaka, na ya pili ya akiba kutoka duka lingine. Sufuria ikawekwa kwenye jiko la mkaa, themostati ikaning'inizwa kwa uzi isiguse chini, kipimajoto pembeni. Moja ilianza kufunguka ilipotakiwa, na kabla maji hayajachemka ilikuwa wazi kabisa. Nyingine maji yalitokota, ikabaki imefumba. Ningeifunga hiyo ya pili bila kuipima, tungerudia palepale pa gasketi, na tajiri angeamini mpaka leo kwamba themostati ni adui. Spea bandia zipo nyingi, na jiko na sufuria kila nyumba inavyo.

Tuliifunga yenye uzima na gasketi mpya, bila kumwaga silikoni kila mahali, kwa sababu mabaki yake yanakatika na kwenda kuziba mirija. Kwenye ukingo wake kuna kitundu chenye kipini kinachocheza. Hicho kinakaa juu, ili hewa itoke maji yanapojazwa. Ukikiweka chini hewa inanasa chini ya themostati, na nta iliyozungukwa na hewa haijui kwamba maji ya injini yana moto. Tulijaza polepole, injini ikiunguruma kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu yakaisha.

Safari ya kwanza mshale ulinyanyuka kabla ya Muheza, ukakaa karibu na katikati, na haukutikisika mpaka Mombo. Kupanda Soni ulisogea kidogo juu na kusimama hapo. Tulipita zile kona za kuegesha bila kuegesha. Kushuka haukulala. Moshi mweupe wa asubuhi ulipungua mpaka ukawa wa kawaida, stiki ikaacha kupanda, na dizeli ya safari ile ile ikapungua kwa kiasi ambacho tajiri alikiona mwenyewe kwenye risiti kabla sijamwambia.

Lakini yaliyokwisha kuharibika hayakurudi. Oili safi ikajulisha kilichokuwa kimefichwa na dizeli: lori lilikuwa linakula oili, na kipumulio kilitoa moshi injini ikiwa na mzigo. Ilipofunguliwa baadaye, ringi za juu zilikuwa zimelika, na laina zilikuwa zimeisha kiasi kwamba ukucha unahisi ngazi mahali ringi ya juu inapogeukia. Bearingi zilikuwa zimeanza kuonyesha shaba. Umri wa injini ulichangia, sikatai. Ila mzee alizitazama, akasema injini ya kazi hii ilipaswa kufika hapo miaka mingi mbele.

Madereva huniuliza: je, ikikwama njiani, imefumba, nifanyeje? Jibu langu ni kwamba itoe ufike, usiache gari porini. Subiri injini ipoe vizuri, maana kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto kumewaunguza wengi. Kabla ya kuing'oa tazama kama injini yako ina njia ya mkato. Kama ipo, tembea ukijua kwamba tambarare utafika na mlimani hutafika na mzigo kamili. Gawa mzigo au ngoja spea. Wapo wanaoziba tundu la mkato kwa kipande cha mpira au mti, na ni kweli injini haitachemsha, lakini itatembea baridi siku zote, na mti ule ukimeguka unakwenda kwenye pampu. Mimi kwenye boksi la zana nabeba themostati iliyokwisha kupimwa, gasketi yake, na dumu la kulanti iliyochanganywa. Kuibadilisha kwenye injini yetu ni boliti mbili na kuvuta mpira wa juu pembeni, na inafanyika hata ukiwa umeegesha Mombo.